Usiiondoe ndoo mlangoni: namna ya kubaki na tabia nzuri tulizozianza kipindi cha korona

Jana nimepita kwa dada mmoja anauza supu Buguruni, pembeni ya meza yake bado kuna ile ndoo ya bluu yenye koki ila koki imevunjika na ndani kapanga sahani zinazosubiri kuoshwa. Nikaikumbuka vizuri sana hiyo ndoo, maana mwaka 2020 hukai kwenye benchi lake kabla hujanawa, anakuangalia mpaka umalize ndo anakuwekea bakuli. Sasa hivi mtu anashuka kwenye daladala, mkono umetoka kushika bomba, umeshika chenji ya konda, umeshika simu, anakaa moja kwa moja anamega chapati. Nikamuuliza vipi ndoo dada angu, akanijibu "korona si ilishaisha jamani?"

Kweli dharura iliisha, Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023. Ila hakuna aliyetangaza kwamba kuhara kumeisha, au homa ya matumbo, au minyoo, na kipindupindu sisi watu wa Dar tunakijua, kile cha 2015 kilianzia hapa hapa kikasambaa mikoa mingi. Hayo yote yanapita kwenye mkono ule ule tuliokuwa tunaunawa.

Nina uchungu na hili jambo na sababu yake nitaisema. Kwangu ndoo ilikaa mlangoni toka Machi 2020, wiki ile ile waziri Ummy Mwalimu alipotangaza mgonjwa wa kwanza kapatikana Arusha na kesho yake shule zikafungwa, ikakaa mpaka katikati ya 2022 tukaitoa kwa sababu tulihitaji ndoo ya kuhifadhia maji, basi, hakukuwa na sababu nyingine. Hatukukaa kikao kwamba sasa tunaacha kunawa, tuliazima ndoo tu. Shuleni kwa mwanangu nako zile ndoo zilikuwa zimeshapelekwa stoo siku nyingi. Haikupita muda mrefu mwanangu wa mwisho, alikuwa na miaka mitatu, akaanza kuhara, siku ya pili macho yameingia ndani, ukimfinya ngozi ya tumbo inachelewa kurudi, akilia machozi hayatoki. Tulikimbia naye usiku. Alipona, alipewa maji ya chumvichumvi yale ya ORS na vidonge vya zinki tukaendelea navyo nyumbani, ila mi usiku ule nimekaa kwenye benchi la hospitali nikawa nawaza ndoo. Siwezi kusema kwa uhakika ni mikono ndo ilimtia ugonjwa, lakini miaka miwili yote ndoo ilipokuwepo hakuwahi kuhara hivo.

Toka hapo nikaanza kuangalia ni tabia gani za kipindi kile zimebaki kwetu na zipi zimepotea, nikaona kitu kimoja. Tabia iliyobaki ni ile ambayo kifaa chake bado kimesimama mahali pake. Ile ambayo tuliiachia kumbukumbu na nia njema imekwenda. Kwa hiyo maelekezo yangu yote hapa chini ni hivo hivo, sikwambii ujitahidi, nakwambia weka kitu, mahali, kisitoke.

Tuanze na ndoo yenyewe maana ndo mama wa yote.

Chukua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, iwe ya kazi hiyo tu, iandike kwa makapeni KUNAWA ili asije mtu akaiazima kama sisi. Kama unatengeneza mwenyewe, koki zinauzwa maduka ya vifaa vya ujenzi, ukinunua hakikisha ina washa mbili za mpira na nati yake. Pasha moto kipande cha bomba la chuma chenye upana kama shingo ya koki, toboa ndoo kama vidole vitatu juu kutoka chini, usitoboe chini kabisa kwa sababu mchanga na uchafu wa maji unatulia pale na ndo unaoziba koki. Tundu liwe linabana, koki iingie kwa kusukuma. Washa moja inakaa nje, nyingine ndani, alafu nati unaikaza kwa ndani kwa mkono, usitumie spana kwa nguvu plastiki itapasuka. Weka maji, subiri nusu saa, pitisha kidole kwa chini uone kama inavuja. Ikivuja tatizo huwa ni washa imekaa upande, ifungue uirudishie.

Sasa pa kuiweka. Watu wengi wanakosea hapa, wanaiweka nyuma jikoni au karibu na choo tu. Weka unapopita huna namna, yaani mtu akiingia ndani aione na aipite kwa karibu. Sisi iko kwenye kibaraza kushoto kwa mlango, juu ya stuli ya mbao, chini kuna beseni la kupokea maji machafu. Angalia kimo, ile stuli ya kwanza ilikuwa ndefu, watoto wakawa wananyoosha mikono maji yanawaingia kwenye kwapa, wakawa wanakwepa, nilivyoishusha tu wakaanza kunawa wenyewe na kucheza juu yake. Kama una mtoto mdogo, kimo cha koki kiwe kifuani kwake, mtu mzima atainama hafi.

Alafu sabuni. Ndoo bila sabuni ni nusu ya kazi na hapa ndipo tunapolegea zaidi. Maji peke yake yanatoa vumbi, ila mafuta ya mkononi yanabaki na vijidudu vimeshikilia kwenye mafuta hayo. Sabuni ina tabia ya kushika mafuta upande mmoja na maji upande mwingine, ukisugua inang'oa vyote vinaondoka na maji, na virusi vya korona vimevikwa ganda la mafuta kwa hiyo sabuni inalipasua kabisa. Maji sio lazima yawe ya moto, ya baridi yanafanya kazi ile ile. Kama mche wa sabuni unapotea, maana jirani naye ananawa anaondoka nao, kata kipande, toboa katikati, pitisha kamba, funga kwenye stuli. Au fanya kama mi, chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, weka vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya unga, jaza maji, tikisa, toboa mfuniko kwa sindano. Mtu anabinya kidogo mkononi. Hiyo chupa hakuna mtu anaiiba na sabuni inakwenda mbali kuliko mche unaolowana.

Ukishalowesha mkono funga koki, sugua viganja, mgongo wa mkono, katikati ya vidole, kidole gumba (hiki kinasahaulika kweli, mwangalie mtu yoyote akinawa), na kucha uzisugue kwenye kiganja cha mkono wa pili. Sekunde 20. Watoto wangu wanaimba wimbo wa siku ya kuzaliwa mara mbili. Suuza kwa maji tiririka, kung'uta, acha ikauke kwa hewa, usijifutie kwenye gauni au kile kitaulo kimoja cha nyumba nzima.

Na hapo kwenye maji tiririka naomba nikae kidogo. Ile mila yetu ya bakuli moja la maji linazunguka kabla ya kula, mnachovya wote, wa kwanza ananawa maji safi na wa mwisho anachovya kwenye mchuzi wa mikono ya wenzake, kwa kweli hiyo iliondoka 2020 na isirudi. Nimeona kwenye misiba imesharudi. Na huna haja ya kumkwaza mtu, sisi tuna jagi na beseni toka enzi za bibi zetu, mdogo anasimama anawamiminia wakubwa, maji yanaanguka kwenye beseni, hayo ndo maji tiririka na heshima yote ipo. Kwenye shughuli mpe kijana mmoja jagi na mwingine sabuni, waanze na wazee. Nimefanya hivo kwenye arobaini ya mjomba, watu zaidi ya mia wamenawa kabla pilau haijashuka, hakuna aliyelalamika.

Ndoo inakufa siku ikikauka. Mtu akifungua koki mara mbili hakuna maji, ya tatu hafungui. Kwetu kuijaza ni kazi ya mtoto wa darasa la tano kila asubuhi kabla hajaenda shule kama anavyokunja neti, na Jumamosi inasuguliwa ndani maana inaota utelezi wa kijani. Tuko watu sita, lita 20 zinatutosha mpaka jioni.

Kama uko kijijini au choo kiko mbali na maji, tengeneza kibuyu chirizi, hiki ndo nimemtengenezea mama Korogwe na kipo toka 2020, kamba tu ndo zimebadilishwa. Dumu la mafuta ya kula la lita 5, pasha msumari moto, toboa tundu dogo upande wa mbele, chini ya mfuniko kama upana wa vidole vinne. Chimbia miti miwili yenye panda, pitisha fito kwenye mkono wa dumu ulaze kwenye hizo panda, dumu lining'inie. Funga kamba shingoni mwa dumu, iteremke mpaka chini, ifunge kwenye fimbo iliyolala, hiyo ndo kanyagio. Ukikanyaga dumu linainama, maji yanachirizika kidogo kidogo, ukiachia linarudi. Mkono wako haugusi chochote na maji yanayotumika ni machache mno, ndo maana mama anakipenda, anasema ndoo inakunywa maji. Sabuni ining'inie kwa kamba pembeni, ikikosekana kabisa hata majivu safi ya jikoni ni bora kuliko maji matupu. Chini mwaga kokoto pasije pakawa tope mbu wakapata pa kuzalia.

Vitakasa mikono sivikatai, viwe na spiriti asilimia 60 kwenda juu, vinafaa ukiwa kwenye gari. Ila mkono wenye mafuta ya samaki au udongo hakitakasiki hapo kitu, tafuta maji.

Kuna vitu vya kipindi kile ambavyo mi nimeviacha na nakushauri uviache. Kupuliza dawa watu mwilini hapana. Kujifukiza, mtu mzima mwenye mafua pua ikizibuka akapata nafuu sina ugomvi naye, ila haiui kirusi, na mtoto usimfunike shuka juu ya sufuria ya maji yanayochemka, akipapatika kidogo tu ni moto mwili mzima.

Haya, hewa. Mnakumbuka daladala zilikuwa level siti, hakuna kusimama, na madirisha yote yamefunguliwa? Level siti imekufa na hiyo hatuwezi kuirudisha mi na wewe, lakini dirisha lililo karibu na siti yako liko mikononi mwako. Tanzania ni mojawapo ya nchi 30 ambazo Shirika la Afya limeziorodhesha kuwa na mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na kifua kikuu kinasafiri kwa hewa, mtu anakohoa ndani ya gari lililofungwa nyie wengine mnavuta. Mi nikipanda nafungua, mtu akisema vumbi namwambia taratibu mama naomba tuvute hewa, wengi wanakubali ukiongea kwa upole. Nyumbani fungua pande mbili, dirisha la huku na mlango wa kule, ili upepo uingie na kutoka, dirisha moja peke yake hewa inazunguka tu mle mle. Sisi madirisha yanafunguliwa asubuhi yakiwa kazi ya mtu wa kwanza kuamka na yanafungwa magharibi kwa ajili ya mbu. Niliweka wavu chumba cha watoto ili hata usiku yabaki wazi, hiyo wavu ndo kifaa chenyewe, bila wavu ningekuwa nimeshaacha. Na jiko la mkaa lisiingie chumbani kumefungwa, hata siku ya mvua, ule moshi usioonekana unaua watu wamelala.

Kukohoa ni kwenye kiwiko, hili watoto wamelishika kuliko sisi wakubwa. Barakoa mbili tatu za kitambaa ziko kwenye droo ya mlangoni, mwenye mafua anavaa akitoka, haijalishi watu wanamwangaliaje. Kama una kikohozi cha wiki mbili au zaidi nenda kapime, vipimo na dawa za kifua kikuu kwenye vituo vya serikali ni bure, unameza miezi sita unapona.

Na kubaki nyumbani ukiumwa. Hili najua ni gumu kwa sisi wa kula leo kwa kazi ya leo, sitaki kumsema mtu. Lakini mtoto mwenye homa usimpeleke shule kisa anakosa namba, na bibi mwenye kisukari usimtembelee ukiwa na mafua, mpigie. Kwa wale tunaofanya biashara tulipatana wanawake wanne wa jirani, mmoja akiumwa wengine wanampokea mzigo wake wanauza, faida yake anapelekewa. Tulianza kwa hofu ya korona tukaona inafaa hata kwa malaria, mpaka leo tunafanya.

Kutembea nako nilianzia kwenye ile level siti. Jioni kituoni unasubiri gari mpaka saa moja na nusu, nikaona bora nitembee kutoka Buguruni mpaka Ilala Boma, nusu saa hivi kwa mwendo wangu, nipande huko. Magari yalivyorudi kujaza nilikuwa nimeshapungua na magoti hayaumi, nikaendelea. Wataalamu wanasema mtu mzima ajitikise angalau dakika 150 kwa wiki, hiyo nusu saa mara tano umefika. Kifaa chake ni raba, ziko kwenye mkoba wangu wa kazini kila siku, siku nikiziacha nyumbani natafuta daladala hapo hapo, kwa hiyo siziachi.

Bibi yangu yuko Lushoto, 2020 tulikatazana kwenda maana ni mtu mzima sana, tukapanga kila Jumapili saa kumi wajukuu wote tunapiga kwa zamu. Wengine waliacha. Mi nina alamu kwenye simu imeandikwa BIBI, ikilia napiga hata kama niko jikoni mkono una unga. Kwa hizo simu ndo tuligundua haoni vizuri, alikuwa anasema kila wiki taa ya nyumba imepungua nguvu, tukampeleka kumbe mtoto wa jicho, amefanyiwa upasuaji anaona. Usipige kuuliza hujambo tu ukakata, muulize amekula nini, amelalaje, nani amepita leo, mzee hasemi naumwa, anasema taa imepungua.

Kadi za chanjo zote, zangu za korona na za watoto za kliniki, ziko kwenye bahasha moja ya plastiki nyuma ya mlango wa kabati. Binti wa miaka 9 hadi 14 kuna chanjo ya HPV inayomkinga na saratani ya shingo ya kizazi, wa kwangu kadi yake ilituambia alikuwa bado, tukaenda. Akiba nitasema kwa ufupi, kibubu cha mbao kile cha kuvunja, kila siku kabla sijahesabu faida naweka kitu kidogo, kwa sababu 2020 wateja walivyokata ghafla tulikula mtaji ndani ya wiki tatu.

Usianze yote mara moja. Anza na ndoo, wiki nzima ndoo tu, ikishakaa ndo utafute wavu wa dirisha au raba.

Leo asubuhi nimempelekea yule dada wa supu koki mpya, tundu lilikuwepo kwa hiyo hatukuhitaji moto, tumesafisha ndoo kwa sabuni na mchanga, washa moja nje moja ndani, nati, tukaisogeza kutoka nyuma ya meza tukaiweka mwanzo wa benchi pale mtu anapopitia. Hatujakaa sawa akaja kijana wa bodaboda, hakuna aliyemwambia kitu, akafungua koki, akageuka akauliza sabuni iko wapi mama. Tulikuwa tumeisahau. Nikavuka barabara kwenda dukani kununua mche.